Mazoezi ya Black Mountain College: yanafundishwaje, na yanaonekana wapi kwa wasanii wa leo?

MkufunziZiwani ameuliza:

Wadau wa sanaa, habari zenu. Naandaa warsha ya Jumamosi sita kwa vijana 20, umri miaka 16 hadi 22. Nataka niijenge juu ya mazoezi ya Black Mountain College, kile chuo cha North Carolina kilichodumu kuanzia 1933 hadi 1957. Historia yake naifahamu vya kutosha: John Andrew Rice na wenzake waliotoka Rollins College, Josef na Anni Albers waliofika kutoka Ujerumani baada ya Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu ya huko, kufungwa, walimu ndio wenye chuo, hakuna alama za mitihani, wanafunzi wanalima na kujenga. Ninachokosa ni vitu viwili.

Kwanza, mazoezi yenyewe. Maandishi mengi yanasimulia nani alikuwepo na nani aligombana na nani, lakini hayasemi karatasi iwe ya ukubwa gani, waya wa unene gani, na zoezi likigoma linagoma kwa nini. Pili, vijana watauliza: hawa watu wa zamani wamewaachia nini wasanii wa leo? Nataka mifano inayoshikika, siyo "waliathiri dunia nzima".

Bajeti ni ndogo. Hakuna karatasi maalumu za kuagiza nje wala mitambo ya kufumia.

---

RangiNaKivuli amejibu:

Mwalimu, anza na rangi, tena kwa karatasi. Brashi zikae kabatini Jumamosi mbili za kwanza. Josef Albers alifundisha rangi kwa karatasi kwa sababu za msingi kabisa: rangi moja inaweza kurudiwa mara kumi bila kubadilika hata chembe, hakuna muda unaopotea kuchanganya, na hakuna alama ya brashi ya kuvuta jicho. Ukitumia rangi ya maji na zoezi likashindikana, hutajua kama aliyekosea ni jicho au ni mchanganyiko.

Vifaa usinunue, kusanya. Omba kadi za sampuli kwenye maduka ya rangi za nyumba, chukua majarida ya zamani, vifungashio, mabaki ya manila. Kila kijana awe na vipande kama 60, kila kimoja angalau ukubwa wa kiganja. Hakikisha theluthi moja ni zile rangi ambazo watu huzikimbia: kijivu chenye ukijani, haradali, tope, waridi lililofifia. Kundi likija na nyekundu, njano na bluu kali tupu, mazoezi yote yatakwama, maana rangi inayogeuka kirahisi ni ile iliyo katikati, isiyo na msimamo mkali.

Zoezi la kwanza: rangi moja ionekane kuwa mbili. Weka karatasi mbili za chini, kila moja sm 15 kwa 20, zikigusana ubavuni. Kata vipande viwili vya sm 2 kwa 2 kutoka karatasi ileile, weka kimoja katikati ya kila karatasi ya chini. Kwa kuanzia wape njano iliyokolea upande mmoja na zambarau nzito upande wa pili, kipande cha kati kiwe kahawia hafifu. Juu ya njano kitaonekana kimeiva na kuelekea zambarau, juu ya zambarau kitang'aa na kuelekea njano. Baada ya hapo wanyang'anye mfano huo, watafute wa kwao.

Ushahidi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kata ukanda mmoja mrefu wa karatasi ileile ya vipande, upitishe juu ya karatasi zote mbili, kisha ziba sehemu ya kati kwa mkono. Mtu anaona rangi mbili. Ukitoa mkono, ukanda unajionyesha kuwa ni mmoja. Bila ushahidi huo, nusu ya darasa itabaki inaamini umewabadilishia karatasi.

Linapogoma, angalia haya. Kipande kikubwa mno: kikizidi robo ya karatasi ya chini kinaanza kujitegemea na hakigeuki tena. Karatasi mbili za chini zimefanana mno kwa weupe na weusi wake, hata kama majina ya rangi ni tofauti. Kuna ufa mweupe wa meza kati ya kipande na karatasi ya chini, na weupe ule unavunja kila kitu. Karatasi moja inang'aa na nyingine haing'ai. Au taa: balbu ya njano hula tofauti zote za bluu na zambarau, kwa hiyo fanyeni kazi karibu na dirisha, kivulini, siyo juani.

Zoezi la pili ni kinyume chake: rangi mbili tofauti zionekane kuwa moja. Hili ni gumu zaidi, lipe muda mara mbili. Kanuni ya kuwapa ni kwamba karatasi ya chini hupunguza rangi yake yenyewe kutoka kwenye kile ilichobeba. Kijani kilicho juu ya kijani hupoteza ukijani, kijivu juu ya nyeusi huonekana cheupe zaidi. Mtu akishaelewa hivyo, anaacha kubahatisha na anaanza kupiga hesabu.

Kabla ya yote hayo wafanyie mtihani wa kupanga rangi kwa weupe na weusi wake, yaani kutoka nyepesi hadi nzito, kwa sababu karibu kila mtu anajiamini na wengi wanakosea, hasa kati ya nyekundu na bluu zinazokaribiana. Ubishi ukizuka, tumia njia ya Albers: laza karatasi moja juu ya nyingine ili kona ifunikwe, wakazie macho pale mpaka macho yachoke kidogo, kisha ivute ile ya juu ghafla. Sehemu iliyokuwa imefunikwa ikionekana ng'avu kuliko jirani yake, basi ile ya juu ndiyo iliyokuwa nzito zaidi. Hapo hakuna cheo cha mwalimu wala mwanafunzi, jicho limeshasema.

La mwisho ni udanganyifu wa karatasi inayopenya nuru. Rangi A na rangi B zinapishana, na pale zinapopishana unabandika kipande C, karatasi nzito ya kawaida inayofanana na mchanganyiko wao. C ikisogea kuelekea A, A itaonekana iko juu. Ikisogea kuelekea B, B ndiyo inapanda. Ikisimama katikati kabisa, hakuna iliyo juu wala chini. Kinachoharibu hapa ni mkasi. Kingo za C zikipishana na mistari ya A na B hata kwa nusu milimita, macho yanaona kiraka. Tumia wembe na rula ya chuma.

---

WayaNaKitanzi amejibu:

Rangi iko sawa, ila kijana anayeanza hushikwa zaidi na kitu cha mikono, kwa hiyo weka waya mapema. Ruth Asawa alisoma Black Mountain kuanzia 1946 hadi 1949. Mwaka 1947 alikwenda Toluca, Mexico, akajifunza kwa mafundi wa huko namna ya kusuka vikapu vya waya kwa vitanzi. Kutokana na ufundi huo mmoja alijenga kazi ya maisha yake: maumbo yanayoning'inia, umbo ndani ya umbo, ambamo waya mmoja unatengeneza nje na ndani bila kuchomelewa popote.

Waya wa kutumia: ule mweusi laini wa kufungia nondo, unaouzwa kwa kilo dukani. Tafuta mwembamba, mm 1 hadi 1.2. Wa mm 1.6 unaumiza vidole vya mtu asiyezoea na vitanzi havilingani. Shaba ni tamu zaidi mkononi lakini bei yake ni nyingine. Kilo moja ya mm 1.2 ina zaidi ya mita 100, kwa hiyo kilo nne zinawatosha vijana 20 kwa mazoezi na kwa kazi moja ndogo kila mmoja.

Hatua ni hizi. Kata mita 3, usizidishe; ukiwa mrefu zaidi unajikunja, na pale ulipojikunja ndipo utakapokatika. Tengeneza pete ya kipenyo cha sm 5 kwa kuuzungushia kwenye chupa, ifunge. Kwenye pete hiyo zungusha vitanzi 12 kwa kutumia kijiti cha unene wa penseli kama kipimo, kila kitanzi kiwe na umbo la herufi e ndogo. Mzunguko wa pili, ncha ya waya inaingia kwenye kitanzi cha chini kutoka mbele kwenda nyuma, inazunguka kijiti, inatoka, inahamia kitanzi kinachofuata. Ndiyo kazi nzima. Kutanua umbo, ingiza vitanzi viwili kwenye kimoja cha chini, kila baada ya vitanzi vitatu au vinne. Kubana, shika vitanzi viwili vya chini kwa kitanzi kimoja cha juu.

Makosa yanayojirudia: kutanua kote kwa mzunguko mmoja, ukuta unatoka mawimbi kama upindo wa gauni, tanua kidogo kidogo kwenye mizunguko mitatu. Kuingiza waya mara mbele, mara nyuma: vitanzi vinalala pande tofauti na umbo linapinda shingo. Kuvuta kwa nguvu: kitanzi kinakuwa tone badala ya duara. Kubonyeza umbo kwa mikono ili "linyooke": haliwezi, umbo linatoka kwenye hesabu ya vitanzi tu. Waya ukiisha, ncha mpya na ya zamani zisokotwe sm 2 kisha zilazwe ndani kwa plaizi. Miwani ya kukinga macho ni lazima, ncha ya waya inaruka inapokatwa. Plasta za vidole ziwe tayari.

Kwa swali lako la pili, Asawa ndiye mfano wenye nyayo zilizo wazi kuliko wote. Mwaka 1968 alishiriki kuanzisha warsha ya sanaa katika Shule ya Alvarado, San Francisco, ambako wasanii waliingia darasani kufanya kazi na watoto kwa vitu vya bei ya chini kabisa, na mpango huo ukaenea shule nyingine za umma. Shule ya sanaa ya jiji hilo leo ina jina lake. Walitumia maboksi ya maziwa, na walitumia unga wa ngano. Kwa unga, kipimo ni vikombe 4 vya unga wa kawaida, kikombe 1 cha chumvi, kikombe kimoja na nusu cha maji. Maji usiyamwage yote kwa pamoja. Kanda dakika 10. Tumia unga usio na hamira ya unga, la sivyo uso utavimba na sura zitapotea. Unene usizidi sm 1, zaidi ya hapo nje inakauka huku ndani bado mbichi, inapasuka. Oka kwa moto mdogo, nyuzi 150, saa moja au zaidi. Chemchemi ya Asawa iliyoko karibu na Union Square, San Francisco, ilifinyangwa kwa unga huohuo na mikono ya watu wengi, watoto wakiwemo, kisha ikamiminwa kwa shaba nyeusi. Mjini mpaka leo watu wanaigusa.

---

MtandeNaMshindio amejibu:

Naongezea upande wa Anni Albers, maana akisahauliwa ndipo watu wanapoona Black Mountain ni suala la michoro tu.

Ufumaji alioufundisha haukuanza na mashine. Wanafunzi walianza na vitu vinavyofanana na kitambaa bila kuwa kitambaa: punje za mahindi zilizopangwa, vijiti, karatasi iliyotobolewa matundu, hata herufi za mashine ya taipu zilizogongwa mfululizo mpaka ukurasa uonekane umefumwa. Lengo ni kulifunza jicho lisome uso wa kitu, mikwaruzo yake na mpangilio wake, kabla mkono haujashika uzi. Zoezi hili halihitaji senti. Mpe kila mmoja kadi ya sm 15 kwa 15 na kitu cha aina moja tu, punje au nyasi au vifuniko, aijaze mpaka jicho lidhani ni nguo. Marufuku kuchanganya vitu viwili. Anayechanganya anatoka na pambo, na pambo siyo tunalolitafuta hapa.

Baada ya hapo fremu. Sheila Hicks, aliyezaliwa 1934, alisoma kwa Josef Albers huko Yale, chuo kikuu cha Marekani, na Josef akamkutanisha na Anni. Alianza kufuma kazi ndogondogo kwenye fremu ya mbao aliyoitengeneza kutokana na ile ya kutandazia turubai, na kazi za ukubwa wa karatasi ya kuandikia ameendelea kuzifuma kwa miongo mingi, sambamba na yale marundo makubwa ya nyuzi anayoyaweka kwenye majumba ya makumbusho. Yeye ndiye jibu zuri la "wasanii wa leo".

Fremu yenu: mbao nyembamba sm 20 kwa 30, misumari ya inchi 1 juu na chini, umbali sm 1, ipangwe kwa kupishana mistari miwili ili ubao usipasuke. Mtande, yaani nyuzi za urefu zinazofungwa kwenye misumari, uwe uzi wa pamba wa kushonea nyavu, usio na mvutiko. Uzi wa sweta kwa mtande ni balaa, unarefuka jinsi unavyofuma na nguo inalegea katikati. Mshindio, yaani ule unaopitishwa katikati yake, unaweza kuwa chochote, vipande vya kitenge vya upana wa sm 1, katani, mifuko iliyokatwa. Tatizo la kila anayeanza ni kiuno: kingo zinavutwa ndani, kazi iliyoanza na upana wa sm 18 inaishia na 13. Dawa yake ni kutoupitisha mshindio ukiwa umenyooka. Uupinde mithili ya upinde wa mvua kati ya mitande, kisha uushushe kwa uma. Urefu ule wa ziada ndio unaolinda upana.

Na wapeni jioni moja ya vito. Kati ya 1940 na 1941 Anni na mwanafunzi wake Alex Reed, baada ya kuyaona mapambo ya kale yaliyofukuliwa Monte Albán, Mexico, walitengeneza mikufu kwa vitu vya duka la vifaa vya nyumbani: kichujio cha sinki, vibanio vya karatasi, vishikio vya nywele, washa za bolti, utepe. Mkufu wa kichujio una vitu vitatu tu: kichujio, vibanio, na cheni. Mwekee kijana kikomo hichohicho, aina tatu za vitu na siyo zaidi, kazi yake itakuwa na nidhamu.

---

PaaLaNyumba amejibu:

Wenzangu wamekupa ufundi. Mimi nashika swali la pili, kwa sababu ndipo mambo yanapovurugwa zaidi.

Kila msanii anayeokota taka siku hizi huitwa mrithi wa Black Mountain. Hapana. Rosemary Karuga wa Kenya alitengeneza kolaji (picha za vipande vilivyobandikwa) nzuri mno kwa vipande vya vifungashio vya sabuni na unga. Yeye alisoma Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell, na akafikia karatasi zile kwa sababu rangi za kununua zilikuwa ghali. Kolaji zake zikiwekwa karibu na mazoezi ya Albers zinafanana kwa mbali, lakini njia ni mbili tofauti kabisa. El Anatsui naye, mwenye vifuniko vya chupa vilivyoshonwa kwa waya wa shaba, alisomea Kumasi, Ghana, na kufundisha Nsukka, Nigeria. Ukiwaambia vijana wako kwamba hao wote ni matawi ya chuo kimoja cha Marekani, unawanyima historia yao wenyewe.

Athari ipimwe kwa zoezi. Uliza: je, kuna zoezi linalojulikana, lililopita kutoka mkono fulani kwenda mkono mwingine? Likiwepo, fuata. Kufanana kwa sura hakutoshi.

Robert Rauschenberg, msanii wa Marekani: alikuwa kwa Albers 1948 hadi 1949, akarudi chuoni tena miaka ya mwanzo ya 1950. Pale palikuwa na mazoezi ya kuweka maganda, majani makavu, waya na magazeti ubavu kwa ubavu ili kila kimoja kibadilishe mwenzake. Miaka michache baadaye anamvisha mbuzi aliyekaushwa tairi la gari na kumsimamisha juu ya mchoro. Mwalimu na mwanafunzi hawakupatana kwa tabia wala kwa ladha, na bado zoezi limepita. Hicho ndicho ninachokipenda katika urithi huu: haukuhitaji mwanafunzi amwige mwalimu.

Dorothea Rockburne, mchoraji: alifika chuoni miaka ya mwanzo ya 1950, na mtu aliyemjenga zaidi alikuwa mwanahisabati, Max Dehn. Miaka ya 1970 Rockburne alitengeneza michoro ambayo mistari yake inatokana na karatasi ya kaboni iliyokunjwa na kugeuzwa. Karatasi yenyewe inaamua mstari uende wapi. Haya unaweza kuyafundisha Jumamosi moja: karatasi ya kaboni, karatasi nyeupe, kunja, chora pembeni mwa mkunjo, fungua, geuza, rudia. Sheria moja tu, kalamu isiende pasipo na ukingo wa karatasi.

Jacob Lawrence, mchoraji Mweusi wa Marekani: Albers alimwalika kufundisha kiangazi cha 1946, wakati Kusini mwa Marekani bado kulikuwa na ubaguzi wa kisheria. Ilibidi yeye na mkewe Gwendolyn Knight wapatiwe behewa la peke yao ili wasihamishiwe la Weusi njiani, na walipofika walibaki ndani ya eneo la chuo. Lawrence alikuwa tayari msanii mkubwa, lakini kule alifundisha kwa mara ya kwanza katika chuo, na namna ya Albers ya kulipanga somo alikaa nayo miaka yote aliyofundisha.

Upande wa maonyesho ya jukwaani, kilele ni Agosti 1952, ukumbi wa chakula. Mtunzi wa muziki John Cage aligawa muda tu: wewe una dakika hizi hadi hizi, fanya lako. Yeye akasoma hotuba kutoka kwenye ngazi, Merce Cunningham akacheza kati ya viti, David Tudor akapiga piano, Charles Olson na M.C. Richards wakasoma mashairi, michoro myeupe ya Rauschenberg ikaning'inia juu. Viti vilipangwa pembetatu nne zikielekea katikati. Kutoka kwa Cage mbegu ilikwenda kwa Allan Kaprow, aliyehudhuria darasa lake New York mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950, na kutoka hapo kwa kila anayefanya sanaa ya tukio leo, ile ambayo kazi yenyewe ni tendo mbele ya watu.

Na kuna uzi mmoja unaofika Afrika moja kwa moja. Taasisi iliyoachwa na Josef na Anni Albers ilisaidia kujenga kituo kiitwacho Thread katika kijiji cha Sinthian, Senegal, kikafunguliwa 2015. Mbunifu ni Toshiko Mori, paa lake linakusanya maji ya mvua, na ndani wasanii wageni wanaishi na kufanya kazi pamoja na wanakijiji. Hapo unaweza kusema urithi bila kusitasita.

---

MkufunziZiwani amejibu:

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. PaaLaNyumba, kipimo cha zoezi nakichukua kama kilivyo. Nimebakiwa na maswali mawili. Je, kukunja karatasi kuna nafasi hapa? Na mazoezi ya rangi yahifadhiwe vipi? Unyevu wa huku ziwani unakunja kila kitu.

---

RangiNaKivuli amejibu:

Nafasi ipo, ila zoezi hilo lina umri mkubwa kuliko Black Mountain. Albers alilianza Bauhaus, akaja nalo. Waambie vijana hivyo.

Fanyeni duara. Karatasi ya gramu 120 hadi 160. Ile ya kawaida ya kudurufu ni laini mno, manila nzito inapasuka. Chora duara la kipenyo cha sm 24, katikati toa tundu la sm 6. Kati ya tundu na ukingo wa nje chora miduara kila baada ya sm 1, utapata mikunjo 8. Ikwaruze kwa ncha ya bikari iliyopigwa butu, kalamu ya wino iliyokauka pia inafaa. Mkunjo wa kwanza kwaruza upande wa mbele, wa pili geuza karatasi ukwaruze nyuma, na kuendelea hivyo kwa kupishana. Ili miduara ya nyuma iangukie mahali pake, toboa tundu dogo la sindano kwenye kila mstari kabla ya kugeuza, na kwa kuwa katikati pameshatobolewa, bandika kwanza kipande cha boksi nyuma ya tundu ili bikari ipate pa kusimama.

Kukunja kuanzie ukingo wa nje kuelekea ndani, kwa kubana taratibu ukizungusha, sm 3 au 4 kwa kila mbano. Usimalize mkunjo mmoja ndipo uende mwingine, izungukie yote mara nne au tano, kila mara ukiongeza nguvu kidogo. Ikifika wakati wake karatasi itajikunja yenyewe na kuwa tandiko la farasi, na hakuna mkono utakaoilaza tena. Ikikataa, mara nyingi ni kwamba umekwaruza mikunjo miwili mfululizo upande mmoja. Ikipasuka, ncha ilikuwa kali.

Kuhusu hifadhi: gundi ya maji ndiyo adui, ndiyo inayokunja karatasi kabla hata unyevu haujafika. Tumia gundi ya stiki, paka kipande kidogo na siyo karatasi ya chini, bonyeza kutoka katikati kwenda nje kupitia karatasi safi. Kazi zilazwe bapa kati ya vipande viwili vya plaiwudi, karatasi nyeupe kati ya kila kazi, uzito wa kilo 5 juu, siku mbili. Zisikae dirishani, maana wino wa majarida hufifia haraka juani, na rangi ya chini ikififia zoezi zima limekufa. Nyuma ya kila kazi kijana aandike kwa penseli karatasi zake zilitoka wapi. Albers alifanya hivyo kwenye ile michoro yake ya miraba aliyoianza 1950: nyuma ya kila ubao kuna jina la rangi na kampuni iliyoitengeneza. Ndiyo maana wanaozitunza leo wanajua wanashughulika na rangi gani.

---

WayaNaKitanzi amejibu:

Mpangilio ninaoupendekeza: Jumamosi ya kwanza weupe na weusi, kisha rangi moja kuwa mbili. Ya pili rangi mbili kuwa moja, na kupenya nuru. Ya tatu waya, siku nzima. Ya nne punje na fremu, fremu waende nazo nyumbani. Ya tano karatasi asubuhi, kaboni mchana. Ya sita bandikeni kila kitu ukutani na mjadili, kazi ya mtu isiwe na jina mbele. Waya usiuweke siku moja na rangi, vidole vikishachoka na kushika weusi wa waya vinachafua karatasi zote.